HULI NGANO, HULI NYAMA, MAZIWA WALA MAYAI: UTABAKI NA AFYA?

Ukikaa vijiweni siku hizi utakutana na vijana wengi tu wanaosema wameacha nyama. Mwingine rasta, mwingine Msabato aliyeamua kwenda mbali kuliko wenzake, mwingine amesoma mtandaoni jinsi kuku wanavyofugwa viwandani huko majuu roho ikamuuma, na mwingine tuseme ukweli, ni mfuko tu ndio haumruhusu. Halafu ndani ya kundi hilo kuna ambao hata ngano wameipiga chini: hakuna chapati, hakuna maandazi, hakuna mkate. Swali linakuja, mtu huyu anakula nini, na je, miaka mitano ijayo atakuwa mzima?

Jibu fupi ni kwamba anaweza kuwa mzima kabisa, na hapa kwetu ni rahisi kuliko huko London. Ila kuna mambo machache ambayo usipoyajua yanaweza kukuvunja miguu, na ninaposema miguu sitanii, mtaona mbele. Tatizo ni kwamba ndugu na marafiki wanakupigia kelele za protini wakati hatari yenyewe imekaa sehemu nyingine kabisa.

KWANZA TUELEWANE MANENO

Anayeacha nyama na samaki lakini anakunywa maziwa na kula mayai, huyo ni mla mboga wa kawaida. Vegani ni hatua ya mbele zaidi: hagusi kitu chochote kilichotoka kwa mnyama, iwe nyama, dagaa, mayai, maziwa, siagi au samli, na wengi wao hata asali. Neno lenyewe ni changa. Lilizaliwa Uingereza Novemba 1944, pale Donald Watson na wenzake wachache walipoanzisha chama chao baada ya kuona wala mboga wenzao hawako tayari kuachana na maziwa.

Neno ni changa lakini ulaji wenyewe sio mgeni. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku zaidi ya 180 kwa mwaka bila nyama, maziwa wala mayai, na chakula chao kikuu ni injera, ambayo ile halisi ni ya tefu tupu, nafaka isiyo ngano. Wanakula hivyo karne na karne. Ila ona kitu kimoja: mfungo ukiisha wanarudi kwenye nyama na siagi. Likumbuke hilo, lina maana kubwa.

Na sisi je? Makande, kiburu cha Uchagani cha ndizi na maharage, wali wa nazi kwa kunde, githeri ya Wakenya, sombe ya Wakongo ikiungwa mawese bila samaki. Vyote hivyo havina ngano wala mnyama, na hakuna bibi yeyote aliyewahi kuviita vegani. Kwa hiyo usidanganywe na yale mapakiti ya supamaketi yaliyoandikwa kwamba hayana gluteni, bei yake unaweza kununua maharage ya wiki nzima.

NANI HASA ANATAKIWA KUACHA NGANO?

Ndani ya ngano kuna protini inaitwa gluteni. Ndiyo inayofanya unga uvutike ukikanda chapati. Ipo pia kwenye shayiri na rai. Kwa watu wengi haina shida yoyote, wanakula wanashiba wanalala. Lakini kuna ugonjwa unaitwa seliaki. Mwenye seliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake inageuka na kushambulia ukuta wa utumbo mwembamba, hivyo chakula kinapita bila kufyonzwa vizuri. Anaharisha, tumbo linajaa gesi, anakonda, damu inapungua, na kama ni mtoto anadumaa.

Aliyemkamata mchawi ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alianza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Halafu ikaja ile baridi ya 1944 kuingia 1945, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, chakula kikakatika na mkate ukaadimika. Akaona watoto wake wenye ugonjwa huo wanapata nafuu wakati wa njaa! Mkate uliporudi, na ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 akayaandika hayo katika tasnifu yake, na mpaka leo dawa ya seliaki ni ileile: acha ngano, shayiri na rai maisha yako yote. (Pembeni kidogo: ni majira yaleyale ambayo Watson alikuwa anaanzisha chama chake ng'ambo ya bahari. Mmoja anapigana na maziwa, mwingine anapigana na mkate, na hawajuani.)

Kule Ulaya na Marekani inakadiriwa karibu mtu 1 katika kila 100 ana seliaki. Msiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa 1999 kwa watoto wa Sahara Magharibi ulikuta zaidi ya 5 katika kila 100, na hao ni Waafrika wenzetu.

Sasa hapa naomba usome taratibu. Kama unahisi ngano inakusumbua, USIACHE NGANO KABLA YA KUPIMWA. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukiendelea kula gluteni. Ukishaacha kwa wiki kadhaa zinapungua, unapimwa, unaambiwa huna kitu, na kumbe unacho. Kupima ndio kwanza, kuacha baadaye.

Mzio wa ngano ni kitu kingine. Huo unakuja haraka, dakika chache hadi saa moja au mbili baada ya kula: vipele, midomo kuvimba, pumzi kubana. Huyo asijaribu tena hata kipande, na pumzi ikibana ni hospitali moja kwa moja, sio kungoja asubuhi.

Kuna na kundi la tatu, na nadhani ndilo kubwa kuliko yote: hana seliaki, hana mzio, ila akila mkate tumbo linajaa. Mara nyingine mwenye kosa wala sio gluteni bali sukari fulani zilizomo kwenye ngano, ambazo zipo pia kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu, na maharage nayo yana za ukoo huohuo. Ndio maana unamkuta mtu kaacha chapati, kaongeza maharage, tumbo linajaa kuliko mwanzo. Huyo aloweke maharage usiku kucha, amwage yale maji, apike mpaka yaive kwelikweli, na aanze na kiasi kidogo.

Kuna walioacha kwa ajili ya Novak Djokovic. Jamaa aliacha gluteni, mwaka 2011 akabeba mataji matatu makubwa ya tenisi, 2013 akatoa kitabu, na dunia ikamfuata. Sina ugomvi naye. Ila jamaa ana wapishi na madaktari wake, wewe una mama ntilie na duka la dawa la kona. Kwa mtu mzima asiye na tatizo, kuacha ngano hakumpi misuli. Anaruhusiwa kuacha akitaka, lakini ajue anapoteza nini.

CHAPATI ILIKUWA IMEBEBA MZIGO

Na hapa ndipo wengi wanapopigwa bao. Tangu 2011 Tanzania inavitaka viwanda vikubwa viongeze virutubishi kwenye unga, na Kenya ilifuata 2012. Kwenye unga wetu wa ngano kinachoongezwa ni madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Sheria inahusu na unga wa mahindi wa viwandani, lakini tujiulize, sembe na dona unayokula inatoka wapi? Wengi wetu tunasagisha kwenye mashine za mtaani, na huko hakuna anayeongeza kitu. Ngano yenyewe karibu yote hupitia viwanda vikubwa. Kwa hiyo kijana wa mjini anayekula chapati mbili za asubuhi alikuwa anajipatia kidogo cha B12 na foliki bila kujua. Na B12 hiyo hutengenezwa kwa bakteria, haitoki kwa mnyama, kwa hiyo hata vegani anaruhusiwa.

Sasa unaacha nyama, mayai, maziwa NA ngano kwa mpigo. Umefunga milango yote. Hapo ndipo huu ulaji unapotofautiana na wa yule vegani wa Uingereza, ambaye hata akiacha mkate ana maziwa ya soya ya dukani yaliyoongezwa B12. Maziwa ya soya unayokamua mwenyewe nyumbani hayana hata chembe.

Asidi ya foliki yenyewe ina umuhimu wake kwa akina dada. Ikipungua katika wiki za mwanzo za ujauzito, mara nyingi kabla hata mtu hajajua kwamba ni mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Foliki ya asili ipo kwenye maharage, kunde, mchicha na matembele, kwa hiyo mla mimea anayekula vizuri haanzi na sifuri. Lakini dada anayefikiria kupata mtoto anashauriwa mikrogramu 400 za kidonge kila siku kabla ya kushika mimba, na kama haugusi unga uliorutubishwa sababu zinaongezeka. Kidonge hicho kipo kliniki na maduka ya dawa, sio kitu cha ajabu.

B12: HAPA HAKUNA MJADALA

B12 haitengenezwi na mmea wowote. Inatengenezwa na vijidudu, na wanyama wanaipata kwao. Ukiacha wanyama lazima uitafute dukani, hakuna njia ya mkato. Watu wa Watson wenyewe hawakulijua hilo walipoanza, kwa sababu B12 ilitenganishwa na kujulikana 1948, miaka minne baada ya chama chao kuanza.

Mwili unahitaji kidogo sana, mikrogramu 2.4 kwa siku kwa mtu mzima. Na ini lako lina akiba ya miaka. Huo ndio mtego wenyewe! Unaacha vitu vya wanyama, mwezi wa kwanza unajisikia mwepesi, mwaka wa kwanza uko fiti, unaanza kuwacheka wanaomeza vidonge. Kumbe unatumia akiba. Mwaka wa tatu au wa nne miguu inaanza ganzi, unahisi kama sindano zinakuchoma vidoleni, ulimi unauma na kuwa mwekundu, unachoka, unasahau, unatembea gizani unayumba. Ukiwahi, yanaondoka. Ukichelewa, mishipa ya fahamu iliyoharibika inaweza isirudi tena. Wale Waethiopia wanarudisha akiba kila mfungo unapoisha. Wewe mfungo wako hauishi.

Marasta msikasirike, lakini ninyi mmeandikwa kabisa. Mwaka 1982 madaktari wa Jamaika waliripoti katika jarida la tiba la Uingereza kuhusu marasta wa chakula cha aitali waliofika hospitali kwa sababu ya upungufu wa B12, damu na mishipa ya fahamu vikiwa vimeathirika. Hawakula uchafu, walikula mimea mitupu kwa imani safi kabisa. Kilichokosekana ni kitu kidogo kuliko punje ya chumvi.

Halafu kuna foliki tena. Mla mimea anakuwa na foliki nyingi, na foliki inaweza kuificha ile dalili ya damu, kipimo cha damu kikaonekana hakina neno wakati mishipa inaendelea kuharibika kimyakimya. Kwa hiyo usiseme "mbona damu yangu iko juu".

Sasa wafanyabiashara. Utaambiwa mlonge una B12. Hauna. Utaambiwa spirulina inayo, lakini iliyomo humo kwa sehemu kubwa ni ya bandia ambayo mwili hauwezi kuitumia. Mboga isiyooshwa vizuri nayo sio dawa, itakupa minyoo. Togwa ni tamu na ina faida zake, ila B12 ya kutegemea haina.

Chama cha Wavegani cha Uingereza, ambao hawana sababu ya kuwapendelea wafuga ng'ombe, wanasema hivi: kama unatumia kidonge, angalau mikrogramu 10 kila siku, au 2000 mara moja kwa wiki. Dozi ya wiki ni kubwa hivyo kwa sababu mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya dozi kubwa. Ukifika duka la dawa usiombe tu "bii komplex" ukaondoka. Nyingi zile za bei poa zina B1, B2 na wenzake na hazina B12 kabisa. Geuza kopo, soma, tafuta B12 au jina refu linaloishia na "cobalamin". Usipoliona, rudisha.

Mama anayenyonyesha na hatumii B12 anamwachia mtoto hatari kubwa zaidi kuliko yake mwenyewe. Mtoto hana akiba ya miaka, ana miezi tu, na dalili zake ni kulegea, kuacha kucheka, kusahau hata yale aliyokwishajifunza. Hapa sina utani kabisa.

PROTINI, KWA KIFUPI

Mtu mzima anahitaji karibu gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Una kilo 60, basi gramu 48. Robo kilo ya maharage makavu peke yake ina zaidi ya gramu 50. Mahindi na mchele zina upungufu wa kitu ambacho maharage yamejaa nacho, na maharage yana upungufu wa kitu ambacho nafaka zinacho, ndiyo maana ugali kwa maharage ulikubalika kabla ya vitabu vya lishe. Si lazima vikutane kwenye sahani moja, siku moja inatosha. Kunde, choroko, mbaazi, njugu mawe, soya, karanga, badilisha tu.

Kinachoangusha watu ni kushiba bila kula. Mihogo ya kukaanga na soda, chipsi kavu na kachumbari, hivyo navyo havina ngano wala mnyama! Kijana anakula hivyo mwezi mzima anajiita vegani. Huyo hajafuata mlo wowote, amekosa chakula tu.

DAMU

Madini ya chuma ya kwenye mimea hufyonzwa kwa shida kuliko ya kwenye nyama. Wataalamu wa Marekani wanakadiria mla mimea anahitaji mara 1.8 ya mla nyama. Akina dada ndio wanaoumia zaidi kwa sababu ya hedhi. Lakini kuna mambo mawili ya bure kabisa. La kwanza, kula tunda lenye vitamini C pamoja na chakula: chungwa, limao la kukamulia mboga, embe, na bora kuliko yote hayo pera, ambalo uzito kwa uzito linalizidi chungwa karibu mara nne. Ubuyu nao umo. La pili, acha kunywa chai na kahawa pamoja na mlo. Ile chai ya rangi unayoshushia maharage inazuia chuma kufyonzwa, subiri walau saa moja. Najua Waswahili na chai, ila ndio hivyo.

Kuloweka, kuotesha na kuchachusha vinapunguza vitu vinavyoshika chuma na zinki. Uji wa ulezi uliochachuliwa una faida hiyo, na bibi zetu hawakufanya kwa ajili ya ladha peke yake.

MUHOGO NA KARANGA, HAPA TUWE MAKINI

Ukiacha ngano unahamia kwenye muhogo, ndio mbadala wa haraka. Muhogo mtamu wa kuchemsha hauna neno. Mchungu ndio wenye sayanidi, na unatakiwa kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa kabla ya kuwa unga. Ukikatisha hatua, na mlo ukawa muhogo mtupu bila protini ya kutosha, unapata konzo: miguu yote miwili inakakamaa ghafla, na haiponi. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kongo, ambako uliandikwa na daktari 1938. Mwaka 1981 kule Nampula, Msumbiji, ulishika zaidi ya watu 1000 wakati wa ukame. Kwetu Tarime, mwaka 1985, ukame vilevile, watu waliharakisha kuandaa muhogo na miguu ikaondoka. Wengi ni wanawake na watoto, maana ndio wanaoachiwa muhogo pale samaki na nyama vinapokuwa haba.

Sikutishi uache bada. Nakwambia usifanye muhogo kuwa kila kitu, kula na kunde na ufuta, na kama hujui unga umetoka wapi ipo njia nyepesi iliyobuniwa na wataalamu wa Australia na ikatumika sana Kongo: changanya unga na maji, utandaze mwembamba, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sayanidi inaondoka hewani, halafu upike siku hiyohiyo.

Karanga na mahindi vina ugomvi mwingine, sumukuvu. Kenya 2004, maeneo ya Makueni na Kitui, walifariki watu 125 kwa mahindi yenye ukungu. Kwetu 2016 ilikuwa Dodoma na Manyara. Sumu hii haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Na wewe unayekula karanga kila siku badala ya nyama unaipata mara nyingi kuliko jirani yako. Nunua karanga nzima, sio zilizosagwa tayari, chambua, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na chungu. Zile za bei ya kutupa mara nyingi ndizo zilizochambuliwa na kuachwa na wengine.

NGANO INAVYOJIFICHA

Mwenye seliaki asome hapa mara mbili, wa hiari anaweza kupita. Chapati, maandazi, sambusa, tambi, biskuti na kalimati unazijua. Usizozijua: urojo wa Zanzibar, ule uzito wake mara nyingi ni unga wa ngano. Kachori huchovywa kwenye uji wa ngano kabla ya kukaangwa. Bagia za kunde ni salama, isipokuwa muuzaji akiongeza ngano ili zishikane. Vitumbua ni mchele, ila wapo wanaochanganya. Mchuzi wa soya wa kwenye chupa kwa kawaida una ngano. Bia ya shayiri nayo imo. Na unga wa lishe! Kila muuzaji ana mchanganyiko wake na wengi huweka ngano ndani, uliza kabla ya kununua. Mashine ya kusaga nayo ina mabaki, kama mbele yako kasagiwa mtu ngano basi ulezi wako umechafuka. Mafuta ya kibandani ndiyo hayohayo ya sambusa, mayai na samaki, kwa hiyo chipsi zako hapo hazina usalama wa upande wowote. Na mchicha wa mama ntilie muulize kistaarabu kama ameunga na dagaa, maana kwake dagaa sio nyama.

YALIYOBAKI

Mifupa: ulezi una kalisi karibu miligramu 340 kwa kila gramu 100, hiyo ni karibu mara tatu ya maziwa ya ng'ombe uzito kwa uzito, ingawa uji wenyewe una maji mengi. Ongeza ufuta, ubuyu na majani ya kunde. Shingo: tumia chumvi ya pakiti yenye madini joto. Samaki umeacha, na ukichukua chumvi ya mawe isiyo na madini hayo eti ni ya asili, unaliita rovu. Marasta wasiotumia chumvi kabisa wako kwenye foleni hiyohiyo, watafute kidonge. Macho: maboga, karoti na viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, ukiweka na mafuta kidogo maana vitamini A bila mafuta hufyonzwa kwa shida.

Sahani za siku moja, kwa anayepika geto na jiko moja: asubuhi uji wa ulezi uliosagwa na karanga safi, pamoja na viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha, chai baadaye. Mchana wali, maharage ya nazi, mchicha uliokamuliwa limao, na pera. Jioni ugali wa dona, choroko, matembele, na nusu parachichi. Kesho yake makande. Vidonge vya B12 weka karibu na mswaki ili usisahau.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye seli mundu, wenye kisukari na wanaotumia dawa za TB au ARV wasianze kimyakimya. Waongee kwanza na kliniki yao, maana wengine wanahitaji chakula kingi zaidi na mlo wa mimea unajaza tumbo haraka.

Na kama tayari una mwaka wa pili au wa tatu kwenye mlo huu bila kidonge, nenda ukapime wingi wa damu, na pale wanapoweza, B12 yenyewe. Mwambie daktari wazi kwamba huli kitu chochote cha mnyama na huli ngano, usimwache abahatishe. Ukishaanza kuhisi ganzi usinunue vidonge ukajitibu mwenyewe, hapo zinahitajika sindano za B12, na kila wiki unayongoja inahesabika.

Maoni, maswali na mapishi yenu hapo chini, hasa walioishi hivi zaidi ya miaka mitano.